Mama, Jina Lako Nani?

Mimi nauza mboga na pilipili katika soko letu hapa Savannakhet, na kizimba changu kinatazamana na cha Boualay, muuza padaek. Kwa hiyo mengi ya siku ile niliyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyaona niliambiwa baadaye na wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao hayakupishana.

Boualay alikuwa mjane asiye na mtoto wa kumzaa. Mdogo wake alivuka mto kwenda kutafuta kazi upande wa Thailand, akamwachia binti mdogo, Vilayvanh, halafu akaolewa hukohuko na kuonekana mara mojamoja wakati wa mwaka mpya. Mtoto akawa wa Boualay. Alimlea kwa padaek: samaki wa mtoni, chumvi na pumba za mchele, vinavyokaa pamoja mtungini mwaka au zaidi mpaka mchuzi uwe mzito, rangi ya udongo. Hakuna jiko kwetu linalopika bila padaek, na hakuna mtu anayetaka kwenda na harufu yake shuleni kwenye nywele. Vilayvanh alikwenda nayo. Wenzake walimwita Mtungi. Alikuwa akijisugua kwa ndimu kabla ya kutoka nyumbani, na bado waliziba pua akipita.

Lakini alisoma. Alisoma mpaka Vientiane, mji wetu mkuu, akarudi na sketi ya hariri ya kazini na gari la ofisi, akawa mkuu wa wakaguzi wa vyakula wa mkoa wetu. Alipopita sokoni alitusalimia wote kwa kuweka viganja pamoja, kama desturi yetu. Kwa Boualay alikuja zaidi jioni, watu wakiwa wamepungua.

Niseme ukweli, kazi yake aliijua na aliipenda. Kwa miaka mingi padaek yetu ilivuka daraja la kwenda Thailand kama mwizi, chini ya viti vya mabasi, ndani ya ndoo zilizofunikwa nguo chafu ili watu wa forodha wasitie mkono. Ya kwao ilikuja kwetu mchana kweupe, kwenye chupa zenye picha ya samaki anayecheka, na hakuna aliyeuliza ndani wametia nini. Mikoa miwili, wetu na wa ng'ambo, ilipoanza kuzungumza habari ya kufunguliana njia, wakubwa wengine walitaka mambo yaishe haraka, kila mtu aingize anachotaka. Vilayvanh alikataa. Aliwaambia kwamba wakifungua tu, tutalishwa dawa za kuhifadhi maiti, na wakifunga tu, wauzaji wetu watabaki kujificha chini ya viti. Kipimo kiwe kimoja, kwao na kwetu: chumvi ya kutosha, rangi hakuna, dawa hakuna, na samaki asikae katika pipa lililowahi kubeba vitu vya kiwandani. Atakayefuzu apewe muhuri, na muhuri wa upande mmoja uheshimiwe upande wa pili.

Watu wa ng'ambo walibisha, kisha wakakubali. Wakasema watakuja kwanza kuona soko letu kwa macho yao.

Hapo ndipo penye pipa la Boualay. Mafuriko ya mwaka ule mbaya yalimvunjia mitungi karibu yote, na kwa kuwa mitungi mizuri ilikuwa adimu, akapata pipa la buluu kutoka kiwanda cha mbao. Lilikuwa la gundi. Aliliosha kwa majivu, kwa maji ya moto, kwa mchanga, akalianika juani, akalitia samaki. Padaek iliyotoka humo watu waliifuata kutoka mbali. Hata Vilayvanh aliipeleka kwa mumewe, naye akawa hataki nyingine.

Vilayvanh alimwambia habari ya pipa tangu mwaka uliotangulia. Boualay akanunua mitungi mipya, akaipanga mbele ya kizimba ikapendeza, lakini pipa likabaki nyuma. Siku chache kabla ya wageni kuja, Vilayvanh alifika jioni, akalitazama, akashusha pumzi.

"Mama Mkubwa, hili si nililisema?"

"Ulilisema, mwanangu. Lakini humu ndani mna mwaka mzima wa mikono yangu. Niache niuze iishe, halafu nitalitoboa nipandie vitunguu."

"Wageni wanakuja wiki hii."

"Basi nifanye nini, nilimeze?"

Vilayvanh akatazama huku na huku. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga mafungu ya mchicha, nadhani hakuniona. Akashusha sauti.

"Lifunike turubai. Weka magunia juu. Wakishaondoka utaendelea mpaka iishe."

Boualay akamtazama kidogo, kisha akasema, "Haya, kama wewe umesema."

Siku ya wageni soko lilifagiliwa mpaka hatukulitambua. Sithon, muuza nyama ya nyati aliye jirani yangu, alikuwa amevaa aproni nyeupe iliyotoka muda huohuo kwenye pakiti.

"Leo hata nzi wameambiwa wavae sare," akasema.

"Nyamaza, wanakuja," nikamwambia.

Walikuja saa za asubuhi, wa kwetu na wa kwao. Mkuu wa wageni alikuwa mwanamke mfupi wa miwani, Daktari Wannisa, kutoka Mukdahan hapo ng'ambo. Hawakuhitaji mkalimani, maana watu wa upande ule na sisi lugha yetu ni moja, tofauti ni lafudhi tu. Vilayvanh alitembea naye bega kwa bega akimweleza hili na lile, na sisi tulimwonea fahari. Nyuma yao alikuja bosi wa Vilayvanh, Bwana Khamsing, anatabasamu kama bwana harusi.

Walipofika kwa Boualay, daktari alifungua mtungi mmoja, akanusa, akafungua wa pili. Akawa kama mtu anayetafuta kitu.

"Mama," akamwambia Boualay, "hizi ni nzuri, lakini bado changa. Na hapa nasikia harufu ya iliyokomaa. Bibi yangu alikuwa akitengeneza kama hiyo, nilipokuwa mtoto. Naomba nionje."

Hakusema kwa hila. Alikuwa anasifu. Boualay uso ulimfunguka kwa furaha, mkono ukaenda nyuma wenyewe, kisha ukasimama njiani. Akamtazama Vilayvanh.

Vilayvanh alikuwa anatazama dari.

Kijana mmoja wa ofisi ya ng'ambo, kwa kutaka kumsaidia bibi mzee, akatoa magunia na kuvuta turubai. Pipa likaonekana. Lebo ya gundi ilikuwa imefutika nusu, ila ile alama ya hatari, mkono unaoungua, ilibaki inaonekana wazi. Daktari Wannisa akarudisha kijiko mezani taratibu. Bwana Khamsing tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakaondoka.

Kabla hajaulizwa, Vilayvanh akasema, kwa ile sauti yake ya mikutano, "Hawa tulishawaonya, Daktari. Wengi wamefuata. Wachache bado ni wabishi, hasa wazee." Kisha akamgeukia Boualay. "Mama, jina lako nani?"

Sijui niseme soko lilikuwaje. Sithon alikuwa ameinua shoka la nyama, akaliweka chini bila kukata. Sisi sote tulijua. Muuza barafu alijua, mfagiaji alijua, Bwana Khamsing peke yake labda hakujua, maana yeye ni mtu wa kuja.

Boualay alimtazama mtoto wake kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba amesikia vizuri. Halafu akaweka viganja pamoja, akainama, akasema, "Naitwa Boualay, Mheshimiwa."

"Unajua pipa hili limebeba nini?"

"Gundi, Mheshimiwa."

"Na uliambiwa?"

"Niliambiwa. Kosa ni langu."

Sithon akanong'ona, lakini Sithon hajui kunong'ona. "Muulize na jina la mtoto aliyemvalisha viatu vya shule."

Daktari Wannisa alisikia. Nilimwona akimtazama Boualay, kisha Vilayvanh, kisha Boualay tena. Kidevu kile ni kimoja, na namna ile ya kusimama wakiegemea mguu wa kushoto. Aliandamana na wenzake kwenda kwenye vizimba vya samaki wabichi.

Vibarua wa soko walikuja kulibeba pipa wakalimwage kwenye shimo la chokaa nyuma ya soko. Boualay alisimama pembeni ameshika kitambaa chake.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba kifuniko kilicho juu yake. Si cha pipa. Ni cha mtungi wangu wa zamani, uliovunjika."

"Chukua, mama," Vilayvanh akajibu, akakitoa yeye mwenyewe na kumpa. Vidole vyao viligusana, na Vilayvanh akavirudisha vyake haraka kama aliyeungua.

Harufu ya padaek ile ilikaa sokoni mpaka jioni. Wateja walikuja wakiuliza inauzwa wapi.

Mchana wageni walikula katika hoteli moja kando ya mto. Vilayvanh aliniambia baadaye kwamba wali ulikuwa mkononi mwake, anaubonyezabonyeza, haupandi mdomoni. Daktari Wannisa alikaa karibu naye. Akamwambia kwa upole, "Yule mama wa padaek mnafanana sana."

Vilayvanh akasema, "Sisi wa huku wote tunafanana."

"Kweli," akasema daktari, akaendelea kula. Hakuuliza tena. Vilayvanh aliniambia kwamba lile la sokoni lilimtoka kwa woga, lilimponyoka kama kikombe kinavyoponyoka mkononi, lakini hili la mezani alikuwa na muda wa kulifikiri, na akalisema.

Alfajiri ya maisha yake, alisema, alikuwa akiona haya kwa sababu ya harufu. Sasa aliona haya ya namna nyingine, na hii haikuwa na ndimu ya kuisugulia.

Jioni alikuja nyumbani kwa Boualay, nyumba ya juu ya nguzo. Mimi nilikuwa pale, nilikuwa nimempelekea supu kwa kuwa alifunga kizimba bila kula. Boualay alipomwona kwenye ngazi, aliinuka, akatoa mkeka mpya ule wa wageni, akautandika. Akaleta maji kwenye glasi, juu ya kisahani.

"Karibu, Mheshimiwa."

"Mama Mkubwa, usinifanyie hivyo."

"Kunywa maji. Umetembea juani."

Vilayvanh hakukaa kwenye mkeka. Alikaa kwenye ubao mtupu, karibu na mlango, na sketi yake ya hariri. Nilitaka kuondoka, Boualay akanishika mkono nikae.

"Ile ilikuwa kazi," Vilayvanh akasema.

"Najua."

"Pipa lilikuwa baya kweli. Watu wangeweza kuugua."

"Pipa lilikuwa baya. Nimebisha mahali? Mimi ndiye niliyekuwa na tamaa ya mwaka wangu mmoja. Lingemwagwa siku nyingi."

"Kwa nini hukuwaambia kwamba mimi ndiye niliyekwambia ulifunike?"

"Mbele ya wageni?" Boualay akashangaa kabisa, kama aliyeulizwa kwa nini hakuvua nguo.

Kuku waligombana chini ya nyumba. Vilayvanh alikuwa anachuna uzi kwenye pindo la sketi.

"Ulivyoniuliza jina," Boualay akasema, "nilidhani una mpango wako. Nikasema, huyu ana akili, labda ananiokoa kwa njia ya kisomi. Nikangoja. Nikaona hapana, unauliza tu."

Vilayvanh akafunika uso.

"Usilie kwangu leo," Boualay akasema, wala hakuwa mkali. "Ukilia itabidi nikubembeleze, na leo sina nguvu. Nenda kwa mumeo ukale."

Akaenda. Alisahau kiatu kimoja nusu njia kwenye ngazi, akarudi kukichukua bila kutazama juu.

Kesho yake kulikuwa na kikao cha kufunga ziara, katika ukumbi wa mkoa. Sisi wa soko tulialikwa wawili, mimi na Sithon, tukae nyuma tupige makofi. Bwana Khamsing alikuwa ameandaa maneno: soko limefuzu, isipokuwa muuzaji mmoja mkaidi ambaye ameshachukuliwa hatua. Alimpa Vilayvanh ayaseme.

Vilayvanh akasimama. Alisema habari ya chumvi, akasema habari ya maji, akafika kwenye pipa, akaigeuza karatasi kifudifudi, Sithon akanigonga kwa kiwiko.

"Yule muuzaji ni mama yangu mkubwa," akasema. "Ndiye aliyenilea. Lile pipa nililijua. Nilikuwa nakula kutoka ndani yake. Wiki hii nilimwambia alifunike mpaka mtakapoondoka. Jana nilimuuliza jina lake mbele yenu kana kwamba simjui. Kwa hiyo mkitaka kuandika mkaidi ni nani, niandikeni mimi."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na mimi sikujua pa kutazama. Mtu akijivua mbele za watu, hata kama anafanya vizuri, humtazami. Bwana Khamsing alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

Daktari Wannisa alivua miwani, akaifuta. Akasema upande wao pia wana mapipa, na wanaofunika mapipa. Lakini akasema pia, bila kuzunguka, kwamba makubaliano haya yanasimama juu ya kitu kimoja tu, kwamba akiona muhuri wetu asihitaji kuvuka kuja kuchungulia nyuma ya kizimba. Kwa hiyo hawezi kuweka sahihi sasa. Ukaguzi urudiwe baada ya masika, na mkaguzi awe mwingine.

Nje ya ukumbi Bwana Khamsing alimkamata Vilayvanh karibu na magari.

"Ungenyamaza tu," akasema. "Tulikuwa tumepita. Umetubu, umejisikia vizuri, na wauzaji wako watakaa msimu mzima wakingoja. Hiyo ni faida ya nani?"

Na kusema kweli sokoni wengi walimuunga mkono Bwana Khamsing. Mwanamke mmoja anayeuza soseji za nyama iliyochachushwa alikuwa ameshatafuta mteja Mukdahan, akampoteza. Vilayvanh alipopita, alimwambia mbele ya watu, "Dada yangu, wewe dhambi zako unaziungama na sisi ndio tunaozilipia." Vilayvanh akaweka viganja pamoja, akaomba radhi, akaenda zake. Alikuwa amedhani kusema kweli kungempunguzia mzigo. Akakuta ameongeza watu wa kuwaonea haya.

Wakubwa walimwondoa kwenye ukuu wa wakaguzi. Wakampeleka mizani ya darajani, kupima uzito wa malori, kazi ya vijana wanaoanza.

Siku zake za mapumziko akaanza kuja sokoni. Anakaa kwenye kigoda mbele ya kizimba cha Boualay, amevaa nguo za kawaida, anawahudumia wateja, anasema "Mama Mkubwa" hili, "Mama Mkubwa" lile, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza barafu. Wengine waliguswa. Sithon alisema, "Sasa ametangaza vya kutosha, tumeelewa."

Boualay alivumilia kwa muda, halafu siku moja, akihesabu mifuko, akamwambia bila kuinua kichwa, "Vilay, acha kuja kukaa hapa."

"Nakusaidia, Mama Mkubwa."

"Hapa unawasaidia wanaokutazama. Mimi kizimbani sijawahi kuhitaji mtu. Kama unataka kunisaidia, njoo nyumbani samaki wanapoletwa. Kule kuna kazi, na hakuna wa kukuona."

Vilayvanh uso ulimshuka. Aliinuka, akakunja kigoda, akaondoka. Nilidhani harudi.

Samaki walipoanza kupanda mto kwa wingi, ndoo zikawa zinafika kwa Boualay kabla jua halijakaza. Mimi huenda kumsaidia msimu ule kwa malipo ya kopo langu la padaek. Nilimkuta Vilayvanh amekaa uani, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anapara vibaya. Alikuwa amesahau, au labda hakuwahi kujua, maana utotoni Boualay alimfukuza akasome.

"Unaanzia mkiani," Boualay alikuwa anamwambia. "Mkiani. Unamkuna huyo, humpari."

Mitungi mipya ilikuwa imepangwa ukutani, ya udongo uliong'arishwa, ile inayoruhusiwa. Baada ya masika wageni walirudi na mkaguzi mwingine, wakafungua kila kifuniko, wakatupa muhuri. Chupa zao zenye picha ya samaki anayecheka nazo zilipimwa, na nyingine zilirudishwa kwa daraja lilelile lililozileta. Sasa padaek ya Boualay inavuka mchana, juu ya kiti, kama abiria. Yule wa soseji alipata mteja mwingine, bora kuliko wa kwanza, ingawa hamsalimii Vilayvanh mpaka leo.

Nao wawili hawakuwahi kuzungumza tena habari ya siku ile, si mbele yangu. Boualay alianza tena kumkaripia, na kwa Boualay hilo si jambo dogo. Lakini niliona kitu kimoja. Kila mara Boualay anapoinua kichwa na kumtazama ghafla, kama siku ile kizimbani, pengine anataka tu chumvi, Vilayvanh husimamisha kisu na kungoja, damu imempanda usoni, mpaka asikie anaambiwa nini.

"Chumvi," Boualay husema. "Hiyo ya mawe, si ya unga."

Naye huinuka kwenda kuileta.